Karatasi ya Gundi Haisomwi

Ndiyo kwanza chapati zimeanza kuvimba kwenye kikaango pale mtu yule alipouliza swali lake, na Scholastica akaziacha zikaungua.

"Dada, unamjua mwalimu mmoja mstaafu wa Kilosa, anaitwa Fortunatus? Yule mwenye vitabu vya vita. Bado yupo hai?"

Kibanda cha Scholastica kipo Mikumi, kandokando ya barabara kuu, pale madereva wa malori wanaposhuka kunyoosha miguu na kunywa chai. Amezoea maswali ya wapita njia. Choo kiko wapi, gesti gani haina kunguni, tembo huwa wanavukia wapi. Lakini swali hili lilimwingia vibaya. Mwalimu Fortunatus ni baba yake mkubwa, kaka wa marehemu baba yake, ndiye aliyemfundisha kusoma kabla hajaijua shule. Mtu mwenye nia njema huuliza mzee anaendeleaje. Anayeuliza kama bado yupo hai ana shughuli yake inayongoja jibu.

"Namsikia tu," alisema, huku akimpapasa mwanawe Agness aliyelala mgongoni kwenye kanga. "Wewe ni nani wake?"

"Mimi mtu wa sola tu, dada. Nauza betri na paneli. Niliambiwa mzee ana shida ya umeme."

Kwa baba mkubwa umeme wa nguzo upo tangu Scholastica akiwa anatambaa. Alimmiminia chai, akamtazama. Kijana wa makamo, shati limenyooshwa pasi mpaka mikunjo inakata, jina lake alisema ni Nickson. Alipomaliza akarudi kwenye gari lake, na Scholastica akajifanya anakwenda kumwaga maji machafu ili apite karibu na dirisha. Hapakuwa na betri wala paneli. Kwenye kiti cha mbele palikuwa na kitabu kimoja, kimeviringishwa kwa taulo jeupe kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Mumewe, Luhaga, ambaye anaziba pancha ng'ambo ya barabara, alicheka mpaka akaweka chini spana. "Mama Agness, mtu kaulizia mzee, wewe umeshamfungulia jalada la polisi."

"Kasema anauza sola."

"Na wewe umesema humjui baba yako mkubwa. Sasa mwongo ni nani hapo?"

Wiki ile haikuisha, simu ya baba mkubwa ikaingia. Furaha ilikuwa imemjaa mzee hata akasahau kuitikia shikamoo, jambo ambalo Scholastica hakuwahi kulisikia maishani mwake.

"Njoo mwanangu. Njoo na mjukuu wangu. Nimepata kitabu cha meja, kina ganda lake. Ganda lake lenyewe. Jumamosi tunabadilishana, nataka uwepo."

"Mnabadilishana na nini, baba mkubwa?"

Mzee akakohoa kidogo. "Na tranka."

Scholastica alikaa chini kwenye kindoo kilichopinduliwa.

Tranka lile analijua kama anavyojua uso wa mama yake. Ni la bati, la kijani, la zile enzi wanafunzi wa bweni walipokwenda nalo shule, na ndani yake mna vitabu vyote alivyokusanya mzee tangu alipokuwa mwalimu kijana. Wakati ule wazungu wa mashamba ya mkonge walikuwa wanafunga virago, wanauza vitanda, sahani na makabati kwa atakayetaka. Wenzake walinunua makochi. Yeye alikusanya vitabu, na si vitabu vyovyote: alitaka vile vilivyosimulia vita vya Wajerumani na Waingereza vilivyopita hapa hapa, reli ya Kilosa, mto Mkondoa, mbuga ya Mikumi hadi Ruaha. Vingine vya Kiingereza, vingine vya Kijerumani, karibu vyote chapa ya kwanza kabisa, vile vilivyotoka mtamboni wakati waandishi wenyewe bado wana makovu mabichi. Ahadi yake ilikuwa moja na aliisema mbele ya ukoo mzima: tranka halitoki Kilosa. Paroko alikwishampa chumba cha pembeni pale parokiani kiwe cha kusomea watu wote, bado kupiga rangi na kutundika mbao za rafu. "Na wa kwanza kukaa humo ni Agness," alisema siku mtoto anabatizwa, "hata kama atakuwa anazitazama picha tu."

Chumba hicho, ambacho bado kilikuwa na popo, Scholastica alikuwa amekipamba kichwani mara nyingi wakati anasukuma chapati. Leo anaambiwa kinabadilishwa kwa kitabu kimoja.

Akafunga kibanda, akambeba mtoto, akapita njia ya vijiji vya Ulaya na Zombo mpaka Kilosa.

Alipoingia sebuleni kwa mzee alimkuta Nickson ameketi kwenye kiti cha mgeni, soda mkononi.

"Kumbe dada wa chapati," alisema Nickson.

"Kumbe kaka wa sola."

Mzee akawatazama kwa zamu. "Mnajuana?"

"Alisema anakuletea umeme, baba mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Umeme upo. Kaa."

Nickson hakutahayari. Aliweka soda chini, akasema biashara ya vitabu vya zamani ina wivu mwingi, ukitaja njiani unachokifuata, mwingine anakuwahi. Ndiyo maana alisema sola. Maelezo yaliingia akilini vizuri sana, na Scholastica akaona yameingia vizuri kupita kiasi.

Kitabu chenyewe kilikuwa mezani, juu ya lile taulo. Meja mmoja wa Kiingereza alikiandika mara tu baada ya vita, kuhusu kikosi chake kilivyowafukuza Wajerumani kutoka Kilosa kupitia Mikumi. Mzee anacho kitabu hicho hicho kwenye tranka, chapa hiyo hiyo ya kwanza. Tofauti ni ganda, ile karatasi ya juu yenye picha ambayo vitabu hutoka nayo dukani. La kwake alilichana mwenyewe.

Alilichana kwa upendo. Utotoni mwake misheni walimfundisha ufundi wa kujalidi vitabu, na fundi wa misheni hakuacha kitabu kikiwa na karatasi inayoning'inia. Anachana ganda, anang'oa jalada lililolegea, anapunguza kingo kwa kisu zikae sawasawa, anatia mbao mpya za karatasi ngumu, kitambaa cheusi juu, basi, kitabu kinakaa miaka mia. Karibu vitabu vyake vyote alivifanyia hivyo, kimoja baada ya kingine, akiona fahari. Mpaka alipopita mtafiti mmoja aliyekuwa anatafuta makaburi ya askari. Mtafiti alipovitazama vitabu, alikunja uso kama aliyetafuna mwarobaini. Akamweleza mzee kwa upole kwamba kwa wakusanyaji wa chapa za kwanza, ganda na jalada la asili ndiyo roho ya kitabu, na kwamba hivi vyake vimebaki vya kusoma tu. Tangu siku ile baba mkubwa akimshika yule meja wake mwenye kitambaa cheusi, anampapasa mahali ganda lilipokuwa, kama mtu anayejipapasa pengo la jino.

Sasa ganda hili hapa, lina picha ya askari wanavuka mto, limefifia kidogo tu kwenye mgongo.

"Tranka lote?" Scholastica aliuliza. "Mpaka vile vilivyoliwa na mende?"

"Lote, dada. Mimi sichagui." Nickson alimgeukia mzee. "Ila mwalimu, nakuomba, msivianike juani, msivifute kwa kitambaa chenye maji. Viacheni kama vilivyo mpaka Jumamosi. Na kuonyesha sina baya, kitabu cha meja nakuachia. Kaa nacho."

Kisha akainama kwenye tranka kuaga mali yake ya Jumamosi, na hapo Scholastica aliangalia mikono. Alichukua kitabu, hakukifungua. Alikibana jalada kati ya kidole gumba na cha shahada, akalipinda kidogo, akalisikiliza linavyolia. Akachukua kingine, vile vile. Cha tatu kilikuwa chembamba chenye jalada jepesi ambacho mzee hakuwahi kukijalidi. Hicho alikirudisha bila kukibana. Mtu wa vitabu hufungua kitabu. Huyu alikuwa anapima majalada kama mtu anayebonyeza maembe sokoni.

Alipoondoka, Scholastica hakujizuia.

"Baba mkubwa, kuna kitu huyu mtu anatuficha."

"Mwanangu, kaniachia kitabu chake ndani ya nyumba yangu. Wewe umemwachia nini?"

"Na kama ni cha bandia?"

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati taratibu, ishara kwamba amekasirika. "Nilikufundisha kusoma ili usome. Sikukufundisha ili uwatukane wageni wangu."

Hata hivyo alipokwenda kulala mchana, Scholastica alikipiga picha kitabu cha meja, ukurasa wa mbele, nyuma yake, mgongo, ganda, akazituma pamoja na kisa chote kwa Generoza, mama mmoja wa Morogoro anayeuza vitabu vya zamani na mwenye jicho la kutambua chapa. Aliomba moyoni aambiwe ni bandia. Ingekuwa rahisi. Mwizi akishajulikana anafukuzwa, tranka linabaki, chumba cha parokia kinapigwa rangi.

Sauti ya Generoza ilirudi kabla maharage hayajaiva. "Shoga yangu, hicho kitabu ni chenyewe. Chapa ya kwanza, ganda la kwanza, safi. Sasa niambie, huyo mtu anakitoa kwa vitabu gani? Vilivyojalidiwa upya na kukatwa kingo? Hapana. Hakuna mkusanyaji anayefanya hivyo. Huyo ama kichwa hakiko sawa ama ana lake. Na kwa jinsi ulivyonieleza, kichwa chake kiko sawa kabisa."

Scholastica aliusikiliza ujumbe ule mara mbili. Kitabu cha kweli kilimtisha kuliko ambavyo cha bandia kingemtisha. Laghai anayetoa kibovu achukue kizuri, huyo anaeleweka. Anayetoa kizuri achukue kibovu?

Alitandika mkeka uani, akachukua kitabu kimoja kutoka kwenye tranka, cha nahodha mmoja aliyeandika kuhusu mizinga, akakipekua kuanzia mwanzo. Hakuna ramani iliyofichwa, hakuna sahihi ya mtu mkubwa. Akakitikisa. Vumbi. Maharage yakaanza kulia jikoni, akaenda kuyaongeza maji, na aliporudi akamkuta Agness amejivuta mpaka kwenye kitabu, kakishika kwa mikono miwili, ncha ya jalada yote iko mdomoni.

Mtoto alikuwa anaota meno. Kila kitu kilikuwa cha kutafuna: kanga, funguo, sikio la baba yake. Na gundi ya misheni ilikuwa unga wa muhogo uliopikwa. Pengine mtoto aliona ni uji.

"Toa, mama, toa," Scholastica alinong'ona, akamchomoa kitabu taratibu, akambusu kwenye paji ili asilie. Kitambaa cheusi kilikuwa kimebanduka kwenye pembe. Karatasi ngumu ya jalada ilikuwa imevimba kwa mate na kuachana, utando juu ya utando, kama kitunguu. Alijaribu kuibana irudi. Utando wa juu ukamtoka kidoleni.

Chini yake kulikuwa na maandishi. Ya chapa, wino mweusi, yamesimama kichwa chini miguu juu. Alikigeuza kitabu.

*...sisi watu wa Ulaya tukapewa sanduku za risasi, na walioanguka njiani hatukuambiwa tuwazike...*

Kiswahili. Ndani ya jalada la kitabu cha Kiingereza. Na Ulaya ni kile kijiji cha njiani, si kwa wazungu.

Alikaa pale na mtoto mapajani, akiyasoma tena na tena maneno yale, na picha ya vidole vya Nickson vikibana majalada ikamrudia. Kumbe hakuwa anapima vitabu. Alikuwa anapima kilichomo kwenye ngozi zao.

Akaenda kumwamsha mzee.

Baba mkubwa alipoona pembe ile iliyotafunwa, kwanza aliguna kwa uchungu, maana ile ilikuwa kazi ya mikono yake. Kisha akavaa miwani. Akaipeleka karatasi dirishani, akaiinamia.

"Hii ni karatasi ya gundi," alisema.

"Ndiyo nini?"

"Ya kuongeza unene. Pale misheni stoo ilijaa makaratasi makubwa yaliyochapwa, hayajakunjwa wala kushonwa. Fundi mkuu alituambia yameharibika. Tulikuwa tunayakata, tunayabandika moja juu ya jingine kwa gundi, tunapata jalada. Nilipoondoka nikapewa furushi zima kama zawadi. Hivi vyote nilivitengeneza nayo."

"Na hamkuwahi kuyasoma?"

"Ilikuwa sheria ya karakana. Karatasi ya gundi haisomwi. Ukikutwa unasoma, umezembea, gundi inakauka, fimbo. Tulizoea. Hata nilipokuwa peke yangu hapa nyumbani, mtu mzima, mwalimu, sikuwahi kusoma." Akamrudishia karatasi. "Soma wewe. Macho yangu leo hayataki."

Scholastica akasoma mstari ule wa watu wa Ulaya. Akabandua utando mwingine, akasoma kichwa cha ukurasa: *Habari za Safari ya Mizigo.*

Mzee akaketi kitandani polepole.

Jina hilo Scholastica alilijua, ukoo mzima ulilijua. Babu yake, baba wa mzee huyu, alikuwa mpagazi wa vita. Aliwabebea Waingereza mizigo mpaka akarudi na bega moja limeshuka. Naye alikuwa akisema kuna karani wa wapagazi aliyeyaandika yote kwa Kiswahili, na kwamba misheni walikichapa, kisha padri aliyekisimamia akarudishwa kwao na kitabu kisionekane tena. Fortunatus alianza kukusanya vitabu vya vita kwa sababu ya hicho kimoja. Alivisaka vitabu vya maofisa wote akitumaini mmoja wao atamtaja karani. Alikitafuta mpaka akakata tamaa, akajiridhisha na meja.

"Nilikikata kwa mkasi," alisema. "Mimi mwenyewe."

Scholastica alitaka kumwambia kwamba alikuwa mtoto, kwamba aliamriwa. Badala yake alimwekea Agness mapajani, na mzee akamshika kwa mikono yote miwili, kwa nguvu kidogo kuliko kawaida.

Jumamosi Nickson alifika na maboksi matupu. Mlango ulikuwa wazi, chai ilikuwa mezani, kitabu cha meja kilikuwa juu ya taulo lake. Kando yake palikuwa na kitabu cha nahodha, na pembe yake iliyovimba.

Nickson akaiona pembe ile kabla hajakaa. Akaweka maboksi chini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ulijuaje?"

Kijana akatazama mlango, akamtazama Scholastica, kama anayepima ipi njia fupi. Kisha akashusha pumzi. "Kuna kimoja chako ulimpa mwalimu mwenzako. Alipofariki, watoto wake walikitoa. Kilinifikia Dar kimelowa mvua, jalada limefunguka lenyewe. Nina kurasa kadhaa. Mwanzo kabisa ninao, hata jina la karani lipo."

"Ulikuja Mikumi ukiuliza kama bado yupo hai," Scholastica alisema.

"Niliuliza, ndiyo."

"Ulitaka jibu lipi?"

Nickson alimwelekea mzee. "Mwalimu, hakuna hata nakala moja nzima popote. Nimetafuta. Hiyo ndiyo chapa ya kwanza na ya mwisho. Mimi nina watu wanaojua kubandua bila kuharibu. Ningekueleza, ungenipa?"

"Ungenieleza, ningekwambia lete hizo zako, tuziweke mezani hapa, tubandue pamoja. Na chakula ungekula hapa." Mzee alizungumza bila kupandisha sauti. "Ila ulinipa masharti. Tusianike, tusifute. Ulinifundisha kutunza vitabu vyangu, ili nisione kilichomo."

Aliuweka mkono wake juu ya ganda la kitabu cha meja, juu ya wale askari wanaovuka mto. Aliuacha hapo. Scholastica aliona vidole vinavyopapasa karatasi, akaona jinsi mzee alivyokuwa anakipenda kitu kile hata sasa, na kwa dakika hiyo hakujua kama atakiachia. Kisha mkono ukasukuma. Kitabu kikateleza juu ya meza pamoja na taulo lake mpaka upande wa mgeni.

"Nenda nacho salama. Kina roho yake."

Nickson alikiviringisha bila haraka. Mlangoni aliacha kadi yenye namba, kwenye ukingo wa dirisha, akasema wakibadili mawazo wampigie. Scholastica alimsindikiza mpaka barabarani, si kwa adabu. Alipiga picha namba za gari, na akasimama mpaka vumbi likatulia. Aliporudi akafunga komeo la mlango, mchana kweupe.

Walitia maji ya vuguvugu kwenye beseni la kumwogeshea Agness. Mzee alitaka aanze na meja wake mwenyewe, yule wa kitambaa cheusi, kwa sababu ndiyo kazi aliyoionea fahari kuliko zote. Alikata uzi, akalitenga jalada na kurasa, akalitumbukiza. Gundi ililegea, maji yakawa meupe kama uji mwepesi, na harufu ya muhogo wa zamani ikajaa chumba. Agness aliyapiga kofi maji yale akacheka.

Utando wa kwanza ulitoka mzima. Scholastica aliutandaza juu ya kanga safi.

"Soma," mzee alisema.

"*Mwenzangu niliyelala naye chini ya mzigo mmoja alikuwa mtu wa Zombo, kijana, bega lake limekwisha kuoza, na jina lake...*"

Mkasi ulikuwa umepita hapo.

Babu, yule aliyerudi na bega limeshuka, alikuwa mtu wa Zombo. Scholastica alitazama ukingo wa dirisha, ile kadi. Kipande kilichokatwa cha karatasi hii kingeweza kuwa humu ndani, kwenye jalada lolote kati ya yaliyobaki kwenye tranka, au kingeweza kuwa kinakwenda Dar muda huu ndani ya gari la Nickson.

"Nimpigie?" aliuliza.

Mzee hakugeuka. Alikuwa amekwisha kuinamia tranka, anachagua, na kitabu alichokitoa alikishika kama Nickson alivyovishika, jalada kati ya kidole gumba na cha shahada, akalipinda kidogo, akalisikiliza.

"Tumalize kwanza vya kwetu," alisema, akakata uzi.